Pengo lile lile, mitaa ile ile: Kura zilizoishangaza Eastlands mwaka wa 2007 na 2022

KURA 231,728 ndizo zilizomtenganisha Bw Mwai Kibaki na Bw Raila Odinga katika matokeo ya urais yaliyotangazwa jioni ya Desemba 30, 2007. Takriban miaka 15 baadaye, Agosti 15, 2022, Dkt William Ruto alitangazwa kumshinda Bw Odinga huyo huyo kwa kura 233,211. Tofauti kati ya mapengo hayo mawili ni kura 1,483, idadi inayoweza kutoshea katika vituo vitatu vya kupigia kura.

Mara zote mbili mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole, Dandora na Mathare, ilipigwa na butwaa. Mara ya kwanza mshangao huo ulizaa maafa ambayo majeraha yake hayajapona hadi leo. Mara ya pili matairi yalichomwa kwa muda katika sehemu chache, zikiwemo za Mathare, kisha mama mboga wakarejea vibandani na wachuuzi wa Gikomba wakafungua marobota yao.

Pengo ni lile lile, aliyeshindwa ni yule yule, na mitaa ni ile ile. Ni kitu gani basi kilichobadilika?

Jibu linalopendwa na wanasiasa na wahubiri ni kwamba Wakenya wamekomaa. Jibu hilo linapendeza masikioni lakini halifafanui mengi. Wakazi wa Eastlands hawakuwa wakatili kwa asili mwaka wa 2007, wala hawakugeuka malaika mwaka wa 2022. Kilichobadilika ni kile walichoweza kukiona kwa macho yao baada ya kupiga kura, pamoja na mtu ambaye hasira yao ilielekezwa kwake.

Mpigakura wa Huruma au Buruburu aliyekesha akisikiliza redio usiku wa Desemba 28, 2007 alilala Bw Odinga akiongoza kwa mamia ya maelfu ya kura. Siku iliyofuata mwanya huo ulikuwa umeyeyuka hadi takriban kura 38,000. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya (ECK), marehemu Samuel Kivuitu, alisikika hadharani akilalamika kwamba baadhi ya maafisa wake wa maeneobunge hawapatikani kwa simu. Desemba 30, ukumbi wa KICC ukiwa umejaa vurugu, Bw Kivuitu alijiondoa na kutangaza mshindi katika chumba kingine mbele ya kamera za shirika la serikali, KBC. Kabla ya saa moja kupita, Bw Kibaki alikuwa ameapishwa katika bustani ya Ikulu, giza likiingia. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku chache baadaye Bw Kivuitu mwenyewe aliwaambia wanahabari kwamba hajui iwapo Bw Kibaki ndiye aliyeshinda.

Mpigakura akabaki na tarakimu moja mkononi, bila njia yoyote ya kuifuata hadi ilikotoka. Ikiwa mwenyekiti wa tume hajui, fundi wa jua kali wa Kamukunji angejuaje?

Kilichoongeza makali ya mshangao huo ni kwamba jiji lenyewe lilikuwa limegawika takriban nusu kwa nusu. Katika kura za urais za Nairobi, Bw Kibaki alimpita Bw Odinga kwa mwanya mdogo, ilhali chama cha ODM kilitwaa viti vitano kati ya vinane vya ubunge, vikiwemo Embakasi, Kasarani na Starehe. Makadara ilikwenda kwa PNU. Kamukunji haikupata mbunge kabisa, ikabidi uchaguzi wake urudiwe Juni 2008. Mgawanyiko huu haukupita kando ya mto wala ng'ambo ya barabara. Ulipita ndani ya ploti: mpangaji wa chumba cha mwisho na mwenye nyumba aliye langoni, wauza makaa wawili waliokuwa wakikopeshana chenji, fundi viatu na mteja wake. Kila mmoja alijua, au alidhani anajua, jirani yake amempigia nani kwa kusikia tu jina lake la ukoo.

Hapo ndipo tarakimu iliyokosa chanzo ilipopata sura ya mtu. Mwizi wa kura hakuwa tena karani asiyejulikana katika ofisi ya tume, alikuwa mtu wa mlango wa pili. Huko Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora familia zilitimuliwa na jirani zao, nyumba zikakaliwa na watu wasiozijenga wala kuzilipia, wapangaji wakakataa kulipa kodi kwa wenye nyumba wa jamii nyingine, na magenge yakachora mipaka ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote ya Baraza la Jiji. Baadhi ya mipaka hiyo ilidumu miaka mingi baada ya Bw Kibaki na Bw Odinga kupeana mikono nje ya Jumba la Harambee, Februari 28, 2008.

Januari 29, 2008, mbunge mpya wa Embakasi, Mugabe Were wa ODM, alipigwa risasi na kuuawa langoni pa nyumba yake, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini, 125 kati yavyo Nairobi. Watu 405 waliuawa kwa risasi, jambo linalofaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba ghasia zile zilikuwa za majirani na mapanga pekee. Nayo tume ya Jaji Johann Kriegler, katika ripoti iliyowasilishwa Septemba 2008, iliamua kwamba uchaguzi ule uliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kubaini nani alishinda. Ilikadiria pia kwamba daftari la wapigakura lilikuwa na majina ya marehemu takriban milioni 1.2.

Wapo wanaodai kwamba Eastlands ilizaliwa na ukabila huo. Historia yawapinga. Katika uchaguzi wa 1961, jimbo la Nairobi Mashariki lilikuwa na wapigakura wengi Wakikuyu. Viongozi kadhaa wa Kanu waliamini kwamba Dkt Munyua Waiyaki, Mkikuyu, angemwangusha Tom Mboya, Mjaluo aliyejenga jina lake katika vyama vya wafanyakazi. Mboya, aliyetumia alama ya ndege, alizoa zaidi ya kura 31,000 dhidi ya chini ya 3,000 za mpinzani wake. Hayo nayo yalikuwa matokeo ya kushangaza, ila mshangao wake uliwaangukia wanasiasa. Wafanyakazi wa reli, makarani na wapagazi waliokuwa wakiishi katika mitaa hiyo walikuwa wamejadiliana miaka mingi kuhusu mishahara na kodi za nyumba, na walijua walichokuwa wakikifanya. Jirani alikuwa mwenzako wa chama kabla ya kuwa mtu wa kabila fulani.

Chaguzi mbili zilizofuata ule wa 2007 hazihitaji maelezo marefu hapa. Mwaka wa 2013 mitambo ya kielektroniki ilifeli, Bw Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na Mahakama ya Juu, iliyokuwa bado changa, ikaidhinisha ushindi huo Machi 30. Wafuasi wa Bw Odinga katika Eastlands walinuna, wakatii, wakaandika moyoni.

Mwaka wa 2017 ulikuwa mchungu zaidi. Baada ya Bw Kenyatta kutangazwa mshindi Agosti 11, polisi walikabiliana na waandamanaji, na huko Mathare mtoto mdogo akauawa kwa risasi akiwa roshani nyumbani kwao. Lakini Septemba 1 majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walifuta matokeo hayo. Miongoni mwa dosari zilizobainika ni kwamba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilitangaza mshindi kabla ya fomu zote za vituo, zile za 34A, kupatikana. Marudio ya Oktoba 26 yalisusiwa na upinzani, na waliojitokeza nchini hawakufika asilimia 40. Novemba 28, Bw Kenyatta alipokuwa akiapishwa Kasarani, mkutano wa upinzani katika uwanja wa Jacaranda, Embakasi, ulitawanywa kwa vitoa machozi.

Uamuzi wa Septemba 1 uliacha funzo ambalo liliingia hadi kwa kinyozi wa Kayole: tarakimu isiyoandamana na fomu haijawa matokeo. Bila funzo hilo, utulivu wa 2022 haueleweki.

Agosti 2022 ilianza kwa matarajio makubwa upande wa Azimio. Rais aliyekuwa akiondoka madarakani, Bw Kenyatta, alikuwa akimuunga mkono Bw Odinga. Kura za maoni za mwisho, zikiwemo za kampuni za TIFA, Infotrak na Ipsos, zilimweka mbele. Katika mitaa mingi ya Eastlands rangi ya chungwa na buluu ya Azimio ilitanda kwenye kuta, bodaboda na vibanda. Ndipo zikaja siku sita za kungoja baada ya kura za Agosti 9, biashara zikidorora na jiji likitembea kwa kunyata.

Katika siku hizo sita, kila mtu mwenye simu yenye intaneti alikuwa na uwezo ambao Bw Kivuitu mwenyewe aliukosa mwaka wa 2007. IEBC ilikuwa imeweka fomu 34A za vituo vyake zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya umma. Mkazi wa Maringo aliweza kufungua fomu ya shule alikopigia kura, akaona idadi, sahihi za mawakala na mwandiko wa afisa msimamizi, kisha akafungua ya Bomet au ya Nyeri akiwa bado ameketi kwenye kibaraza chake. Vyombo vikuu vya habari vilianza kujumlisha fomu hizo kwa kasi tofauti, runinga moja ikimwonyesha Dkt Ruto mbele na nyingine ikimwonyesha Bw Odinga, kabla ya kupunguza mwendo na hatimaye kunyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa kosa la wanahabari, na wakosoaji walikuwa na haki ya kulisema. Hata hivyo fomu zenyewe hazikuondolewa. Ziliendelea kuwapo hapo, zikisubiri yeyote mwenye subira ya kuhesabu.

Kwa nini basi matokeo yalishangaza, ikiwa yalikuwa wazi kiasi hicho?

Sehemu ya jibu ni kwamba mtaa humdanganya mkazi wake. Anayeishi mahali ambapo watu saba kati ya kumi anaokutana nao wanasema jambo moja huamini kwamba taifa zima linasema hivyo. Kadhalika, umati wa mtaani haulingani na daftari la mtaani. Wakazi wengi wa Eastlands wamejiandikisha mashambani, na siku chache kabla ya uchaguzi kituo cha mabasi cha Machakos hufurika wasafiri wa Siaya, Kakamega, Makueni na kwingineko. Anayewapigia wagombea makofi Jacaranda huenda kura yake imo Ugenya. Na anayenyamaza wakati wa makofi huenda ndiye mwenye kadi ya Embakasi ya Kati.

Dalili zilikuwepo kabla ya Agosti 15. Siku chache kabla ya tangazo la Bomas, Bw Johnson Sakaja wa UDA alikuwa ametangazwa gavana wa Nairobi kwa kura 699,392 dhidi ya 573,516 za Bw Polycarp Igathe wa Jubilee, aliyeungwa mkono na Azimio. Katika jiji hilo hilo, Bw Odinga alipata zaidi ya kura 760,000 za urais na Dkt Ruto zaidi ya 560,000. Maelfu kwa maelfu ya wapigakura walimpa Bw Odinga kura ya urais, kisha katika chumba hicho hicho cha siri wakampa Bw Sakaja kura ya ugavana. UDA ilitwaa pia viti vya ubunge vya Embakasi Kaskazini, ambamo mna Dandora, na Embakasi ya Kati, ambamo mna Kayole. ODM ikabaki na Makadara, Mathare, Ruaraka na Embakasi Mashariki. Yeyote aliyetazama ramani hiyo kwa utulivu angeona kwamba ngome ilikuwa na nyufa. Lakini ni nani hutazama ramani kwa utulivu wakati honi zinapigwa?

Jambo jingine ni idadi ya waliobaki nyumbani. Nairobi ilikuwa na wapigakura waliosajiliwa milioni 2.4, na waliopiga kura walikuwa milioni 1.3 hivi. Milioni moja hawakujitokeza. Idadi hiyo ni zaidi ya mara nne ya pengo la kura 233,211, na baada ya tangazo ilitajwa sana mitaani kwa majuto: laiti vijana wangeamka mapema, laiti foleni zingekuwa ndefu.

Majuto hayo yanahitaji kupimwa kwa hesabu. Lau Nairobi ingefikia wastani wa taifa wa takriban asilimia 65, zingeongezeka kura kama 230,000, na zikigawanywa kwa uwiano ule ule Bw Odinga angepunguza pengo kwa chini ya kura 40,000. Lau wote milioni moja wangefika vituoni, jambo ambalo halijawahi kutokea popote, pengo bado halingezibika, ingawa asilimia 50 ya Dkt Ruto, ambayo aliivuka kwa karibu kura 70,000 tu, ingeingia shakani. Kwa hivyo Eastlands haikuangusha mgombea wake peke yake. Uchaguzi uliamuliwa kwa kiasi kikubwa katika kaunti za Mlima Kenya, ambako wito wa Bw Kenyatta ulianguka kwenye masikio yaliyozibwa, na ambako wimbo wa mahasla na wilibaro ulisikika vizuri zaidi kuliko jina la Bi Martha Karua.

Wimbo huo ulisikika Eastlands pia. Mama mboga, mwendeshaji bodaboda, msukuma mkokoteni na kinyozi, waliotajwa jukwaani kila siku na Dkt Ruto, ndio wakazi wenyewe wa Dandora na Kayole. Wengine walishawishika, wengine wakaona ni maneno matupu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 2007, jina la ukoo la jirani halikutosha kukueleza amempigia nani. Mchuuzi wa Kikuyu wa Kariobangi huenda alifuata Bw Kenyatta na Bi Karua, au akafuata Dkt Ruto na Bw Rigathi Gachagua. Mwenzake Mluhya alikuwa na viongozi wake pande zote mbili. Mkasirika wa Agosti 15 alipogeuka kumtafuta mwizi, mlango wa pili haukuwa na jibu.

Alichokiona badala yake ni runinga. Na runinga ilikuwa na mengi. Makamishna wanne wa IEBC, wakiongozwa na naibu mwenyekiti Juliana Cherera, waliyakana matokeo katika hoteli ya Serena hata kabla mwenyekiti Wafula Chebukati hajamaliza kazi yake Bomas, ambako jukwaa lilikuwa limevamiwa na makamishna wengine kuumizwa. Kwa saa kadhaa ilionekana kana kwamba 2007 inarudi.

Kesho yake makamishna hao wanne walieleza sababu zao. Mojawapo ilikuwa kwamba asilimia zilizosomwa na Bw Chebukati, yaani 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zinajumlika kuwa 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni sawa na kura takriban 142,000. Kura halali zilikuwa milioni 14.2. Asilimia 0.01 ya hizo ni kura 1,421, na ziada yenyewe yaweza kutokea kila mtu anapokadiria nukta za desimali. Kikokotoo cha simu kilitosha, na hesabu hiyo ilienea mitandaoni siku hiyo hiyo, ikipitishwa hata na watu waliokuwa wamempigia Bw Odinga. Mwaka wa 2007 hakukuwa na cha kukokotoa.

Hoja hii isichukuliwe kuwa sifa kwa IEBC. Tume ambayo nusu ya makamishna wake na zaidi wanamkana mwenyekiti hadharani ni tume iliyoshindwa kazi ya msingi, na mauaji ya afisa wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki, aliyetoweka wakati wa shughuli ya kujumlisha kura na mwili wake kupatikana siku kadhaa baadaye, yaliacha hofu ambayo hakuna tovuti iliyoifuta. Inachoonyesha ni kwamba mpigakura aliyepewa fomu huweza kusimama peke yake hata wakubwa wanapogombana juu yake.

Septemba 5, 2022, majaji wote saba wa Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, walitupilia mbali kesi ya Bw Odinga. Ukaguzi ulioamriwa na mahakama ulipata kwamba fomu za kwenye tovuti zililingana na zile za karatasi. Bw Odinga alisema hakubaliani na uamuzi ila anauheshimu. Eastlands ikaendelea na kazi.

Wapo wanaoona kwamba hii yote ni kupamba uchovu: kwamba watu walinyamaza kwa sababu walikuwa na njaa, unga ukiwa ghali, na kwa sababu waliwakumbuka polisi wa 2017. Hoja hiyo ina uzito wake. Kibarua wa Viwandani anayelipwa kwa siku hawezi kuandamana wiki nzima. Lakini njaa ilikuwepo Machi 2023 pia, nayo haikuzuia maandamano ya Jumatatu yaliyoitishwa na Azimio kuanzia Machi 20, ambapo Mathare na mitaa mingine ya mashariki ilikuwa mstari wa mbele. Pengine ndiyo iliyoyachochea, maana kauli iliyoteka watu ilikuwa ya bei ya unga kuliko ya seva.

Dai la seva lenyewe lilijaribiwa Eastlands. Januari 23, 2023, katika uwanja wa Kamukunji, pale pale palipokusudiwa mkutano wa Saba Saba wa 1990, Bw Odinga alitangaza kwamba hautambui urais wa Dkt Ruto. Alitegemea waraka uliodaiwa kutoka ndani ya IEBC, uliompa kura milioni 8.1 dhidi ya milioni 5.9 za mpinzani wake. Umati ulishangilia. Hata hivyo kuongeza kura milioni moja na zaidi kwa upande mmoja kungehitaji maelfu ya fomu kubadilishwa, na fomu zenyewe zilikuwa zimeonekana na kila mtu tangu Agosti. Hakuna aliyejitokeza na rundo la fomu nyingine zenye tarakimu hizo. Wengi waliokuwa Kamukunji siku hiyo walikwenda kumwona kiongozi wao, wala si kukagua hesabu, na hilo ni haki yao.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Juni 2024 vijana wa mitaa hiyo hiyo walimiminika katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha bila kuitwa na chama chochote. Mwezi uliofuata wandani wa Bw Odinga waliteuliwa mawaziri, na Machi 7, 2025, UDA na ODM zikatia saini mkataba wa ushirikiano. Oktoba 2024 Bw Gachagua alitimuliwa katika wadhifa wa naibu rais, akaanzisha chama chake na kuelekeza macho yake kwa wapigakura wa Mlima, wakiwemo wale wa Dandora na Kayole waliomchagua pamoja na Dkt Ruto. Na Oktoba 15, 2025 Bw Odinga akafariki nchini India. Kwa mara ya kwanza tangu 2002, Eastlands itaingia katika uchaguzi wa urais bila jina lake kwenye karatasi ya kura, na mwaka ule wa 2002 nao alikuwa jukwaani akiwahimiza watu wampigie Bw Kibaki.

Hapa ndipo penye mashaka. Mojawapo ya nguzo mbili zilizoushikilia utulivu wa 2022, yaani jirani kutojulikana kura yake, si mali ya kudumu. Ilitokana na miungano ya mwaka mmoja. Wanasiasa wakifaulu kuwarudisha wapigakura kwenye makundi ya majina ya ukoo, kama baadhi yao wanavyojitahidi kila Jumapili, korido za ploti za Huruma na Mathare zitakuwa vile vile zilivyokuwa Desemba 2007. Wenye nyumba waliopoteza vyumba vyao wakati ule bado wanakumbuka namba za milango.

Nguzo ya pili, fomu, imo mikononi mwa tume mpya. IEBC ilikaa bila mwenyekiti na bila makamishna kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya Bw Erastus Ethekon na wenzake kuapishwa Julai 2025. Bw Chebukati alifariki Februari mwaka huo. Kuwekwa kwa karibu fomu 34A zote kwenye tovuti ya umma, kituo kwa kituo, kabla ya mshindi kutangazwa, kuliwafaa wakazi wa Eastlands kuliko hotuba zote za amani walizohubiriwa. Tume hiyo italazimika kuonyesha mapema kwamba itafanya hivyo tena, kwa kasi ile ile au kubwa zaidi, hata kama mwanya utakuwa wa kura elfu chache.

Tume ilifungua tena usajili wa wapigakura Septemba 29, 2025, ikilenga wapigakura wapya milioni 6.3. Uchaguzi umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Milioni moja ya Nairobi waliobaki nyumbani mwaka wa 2022 majina yao tayari yamo daftarini.